Tegu wa Nyenga Mkeka

Wako watu ambao Mungu amewajaalia kupenda vitu vya kupendeka: maua, farasi, dhahabu. Kulthum binti Abdulghani alijaaliwa tegu. Wala si tegu wa ng'ombe au wa nguruwe, ambao ukiwataja angalau daktari wa mifugo ataitikia kwa kichwa. Wake ni tegu wanaoishi tumboni mwa nyenga, yule samaki wa baharini aliye bapa kama ungo, mwenye mkia mrefu na mwiba wenye sumu. Na mapenzi hayo yalimkuta Kampala, mji ambao ukitaka maji ya chumvi itabidi uyakoroge mwenyewe.

Alikuwa mhadhiri katika chuo kimoja mjini humo, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye miwani mizito na subira ya kutisha. Chuo kilikuwa kimempa chumba kimoja mwishoni mwa korido, chenye hadubini nzuri, kabati la sampuli na fundi wa maabara aitwaye Odur. Huyu alizaliwa ndani ya kambi ya jeshi pale Makindye, baba yake akiwa sajini kutoka Lango, kaskazini mwa nchi, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha kambini, hakijawahi kupigwa pasi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu kiasi kwamba walikuwa wakigombana bila kuinua macho kutoka mezani.

Kazi yenyewe haina siri. Kila aina ya nyenga ina tegu wake, na anayeishi kwa huyu haishi kwa yule. Wengi ni wadogo, wengine hawafiki hata urefu wa kidole, na ili uweze kusema huyu ni aina mpya unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni kichwa, kwa sababu ndipo penye vifyonzo na ndoano anazojishikizia ndani ya utumbo. Cha pili ni pingili zilizokomaa, zile za upande wa nyuma, ambamo viungo vya uzazi vimejipanga kwa namna ambayo kila aina ina yake. Kichwa peke yake hakitoshi, pingili peke yake haitoshi. Lazima uvipate kwenye mwili mmoja.

Miaka tisa nyuma, Kulthum alimpasua nyenga mmoja aliyevuliwa kijijini kwa shangazi yake, kusini mwa Mombasa. Watu wa pale humwita nyenga mkeka, kwa sababu mgongo wake una michirizi iliyopishana kama ukili uliosukwa. Ndani ya utumbo wake mlikuwa na tegu wawili wenye vichwa ambavyo hakuwahi kuviona: vifyonzo vyake vimekunjwa kingo kama sambusa, na ndoano zinatazama nyuma wakati za wenzao wote zinatazama mbele. Alipekua kila kilichoandikwa juu ya tegu wa nyenga tangu wazungu waanze kuandika. Hawamo. Alikuwa amemwona kiumbe ambaye hakuna mwanadamu aliyewahi kumwona, na hakuona haya kulia pale pale juu ya hadubini, mpaka Odur akamwambia apangushe lenzi.

Ila wale wawili walikuwa wachanga, pingili zao bado tupu. Aliandika makala hivyo hivyo, akaipeleka kwenye jarida la ng'ambo, akajibiwa kwa heshima zote kwamba vichwa ni vya ajabu kweli, lakini bila mmoja aliyekomaa hawawezi kuwapa jina. Akarudi pwani, akarudi tena. Nyenga wengine aliwapata, mkeka hakumpata. Mwanzoni wavuvi walimwambia msimu umepita. Baadaye wakamwambia wamehamia kina kirefu. Mwisho wakaacha hata kumjibu, wakawa wanamtazama kwa huruma kama mtu anayemuulizia marehemu.

Hapo ndipo ilipokuwa roho ya Kulthum. Kiumbe asiye na jina hayumo katika hesabu ya walio hai, na akifa hayumo katika hesabu ya waliokufa. Siku nyenga mkeka wa mwisho atakapoingia kwenye sufuria, tegu wake wataisha naye, na itakuwa kana kwamba hawakupata kuwepo. Yeye hakutaka tuzo wala cheo. Alitaka wapate jina kabla hawajaisha, basi.

Na muda ulikuwa unakwisha upande wa pili pia. Mkuu wa idara, Daktari Rosalba Aol, alikuwa amemweleza kwamba muhula ukifungwa, kile chumba kitapewa watu wa malaria, hadubini nayo itakwenda pamoja nacho. "Watoto wanakufa malaria, Kulthum," alisema, "na wewe una samaki ambaye hata haishi katika nchi hii." Rosalba hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukapata nafuu.

Sasa kuna jambo la kueleza kuhusu nyumba aliyotoka Kulthum, maana bila hilo utamwona mjinga, naye hakuwa mjinga.

Ukoo wa Mzee Abdulghani uliingia Kampala na misafara ya nguo na chumvi zamani za mababu, ukaoa, ukajenga, ukawa wa duka, msikiti na madrasa. Ni nyumba yenye adabu zake. Pale tumbo halitajwi penye chakula, na minyoo ni habari ya kunong'onezana kina mama juu ya mtoto aliyekonda. Binti alipopata shahada yake ya kuchunguza minyoo, mzee alimwita pembeni, akampongeza kwa dhati, kisha akamwambia, "Mwanangu, elimu ni elimu. Lakini watu wa pwani waambie unasomea samaki."

Basi shangazi Farhana, dada yake mzee aliyeolewa pwani tangu ujana wake, aliishi miaka yote akijua kwamba binti wa kaka yake ni bingwa wa samaki, na alijigamba kwa hilo kwenye kila harusi. Kulthum akienda kule alikuwa akiwapasulia nyenga wake nyuma ya banda la wavuvi, mbali na macho ya watu, na jioni akikaa mkekani kwa shangazi, akila wali wa nazi na kujibu maswali juu ya afya ya samaki. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Wahenga hawakuwa wageni wa Bi Farhana.

Simu ilimkuta asubuhi, akisahihisha mitihani. Alikuwa Swaibu, mtoto wa shangazi, fundi wa mashine za boti.

"Dada, mkeka wako kapatikana."

Kulthum alivua miwani. "Una hakika?"

"Nimemwona kwa macho yangu. Jike, upana wa mlango. Kaingia wavuni alfajiri, nikamnunua kabla hawajamkata. Yuko kwa mama, nimemfunika barafu."

Jike mkubwa. Kulthum alijua maana yake: nyenga aliyekula miaka mingi, na tegu wake wamepata muda wa kukua. Alisimama, akakaa, akasimama tena, kisha akaenda kufunga mlango bila sababu yoyote.

Kwenda mwenyewe asingeweza. Baba yake alikuwa amepooza upande mmoja tangu Ramadhani, na nyumbani hapakuwa na mwingine wa kumgeuza na kumlisha. Lakini kulikuwa na Nyongesa, Mkenya aendeshaye lori la baridi, aliyekuwa akileta samaki wa baharini kwa duka moja la Ntinda, hapo hapo Kampala. Swaibu alisema lori linaondoka mchana ule ule.

Odur alisikiliza yote, mikono mfukoni mwa koti lake jeupe.

"Madamu, sikia mimi," alisema. "Piga simu saa hii. Ambia wao wapasue huyo samaki, watoe matumbo yote, watie kwa spiriti ya duka ya dawa. Hivyo itafika mzuri. Kwa barafu siku mbili, ile minyoo italegea."

"Ikilegea pingili bado zitasomeka. Akija mzima inatosha."

"Na kama haiji mzima? Barabara mrefu. Ambia shangazi yako wazi, mimi nataka minyoo."

"Odur, samaki yuko jikoni kwake. Siwezi kumwambia atie mkono atafute minyoo."

"Kwani minyoo ni matusi?"

"Kwenu si matusi."

Odur alicheka. "Kweli. Sisi kambini, mtoto moja ikipata minyoo, hata afande anajua. Wanatupanga mstari, wote tunakunywa dawa."

Kulthum hakucheka. Alingoja Odur atoke, kisha akapiga simu pwani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaka yangu anaendeleaje?"

"Alhamdulillahi. Anakula kidogo kidogo."

"Masikini. Na samaki wako ninaye hapa. Mzuri, mashallah, kanona."

"Ahsante, shangazi. Sasa nakuomba, msihangaike naye. Mleteni vivyo hivyo alivyo, na barafu yake. Msimpasue, msimwoshe. Ni kwa ile kazi yangu ya samaki."

"Vivyo hivyo?"

"Vivyo hivyo, shangazi. Tafadhali."

"Haya, mwanangu. Ondoa shaka."

Kulthum alikata simu akiwa ameridhika. Maneno yote alikuwa ameyasema, isipokuwa lile moja.

Siku mbili zile alifanya kazi kama mwenye harusi. Alipangusa hadubini, akachuja rangi za kupakia sampuli, akakoroga maji ya chumvi kwa kipimo. Aliiandika upya sehemu ya kwanza ya makala na kuacha nafasi tupu pale patakapokaa jina. Jina lenyewe alikuwa nalo zamani, ila hakuwahi kulitamka mbele ya mtu, hata Odur. Rosalba alipita mlangoni, akaona mambo yanavyong'aa, akasema kwa upole kwamba watu wa malaria watashukuru kukuta chumba kisafi hivyo. Kulthum akamjibu kwamba huenda wakasubiri kidogo.

Nyumbani, mtaa wa pili kutoka kambini, alimweleza baba yake huku akimlisha uji.

"Baba, nyenga mkeka amepatikana. Anakuja."

Mzee Abdulghani aligeuza jicho lake zima. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini neno alilolitaka lilitoka. "Wa kukaanga?"

"Wa kazi, baba."

"Aa," alisema mzee, akarudi kwenye uji wake, akanywa vijiko viwili zaidi na kufumba mdomo kama alivyozoea. Tangu augue alikuwa akila kana kwamba analipa faini.

Lori liliingia Ntinda saa ya foleni ya asubuhi, likakwama mbele ya duka huku pikipiki zikilipita huku na huku. Nyongesa aliteremka mwenyewe na kasha jeupe, limefungwa kamba ya katani mafundo juu ya mafundo.

"Daktari, mzigo ndio huu. Yule mama alinisumbua sana, ati nisifungue, nisiuweke jua, nisiukalie. Nikamwambia, mama, hata mtoto wangu sijambeba hivi."

Odur alilitia kasha kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, akaliwekea mkanda. Njia nzima Kulthum alikaa amegeuka, mkono juu ya kifuniko, kama vile kasha lingeweza kufungua mlango likashuka.

Chumbani Odur alikata kamba. Kifuniko kilipoinuka, kabla ya kitu chochote kuonekana, ilitoka harufu ya ndimu.

Kulthum alijua papo hapo. Mikono ndiyo iliyoendelea, kwa sababu mikono haina akili. Alifunua majani ya mgomba. Chini yake nyenga mkeka alilala na rangi ya bizari, mabawa yamekatwa vipande vya sufuria na kuchanjwa chanjwa ili viungo viingie, chumvi imepakwa kila mkunjo, kitunguu saumu na tangawizi vimetwangwa laini na kusukumwa ndani ya nyama. Mkia ulikuwa umeondolewa. Kiwiliwili kimeachwa kizima, na tumbo lake, lililopasuliwa kwa mstari mmoja ulionyooka kabisa, lilikuwa jeupe na safi kuliko sahani. Mahali pa utumbo shangazi alikuwa amejaza ndimu, kubwa kubwa, bila shaka alizozichagua moja moja, za kumpelekea kaka yake mgonjwa.

Ndivyo ilivyo, na hakuna wa kulaumiwa. Pwani ile, mgeni akiletewa chai husema msijisumbue, na mwenyeji akisikia hivyo huenda jikoni kuongeza maandazi. Mtu akisema mleteni samaki vivyo hivyo, maana yake ni kwamba amelelewa vizuri. Kumpelekea binti wa kaka yako samaki na mavi yake tumboni, mbali kote huko, na kaka mwenyewe kitandani, ni aibu ambayo mwanamke kama Bi Farhana angeingia nayo kaburini. Kulthum aliyajua haya yote tangu anyonye. Alipoongea kwenye simu aliyasahau, kwa sababu alikuwa anashughulika kuwa na adabu yeye mwenyewe.

"Bambi," alisema Odur, neno la mjini la kumwonea mtu huruma. Hakusema nilikuambia. Kwa hilo peke yake Mungu amlipe.

Walivaa glavu. Alivyosema Odur, hata mwizi huacha kitu. Waliinua kile kiwiliwili, wakakisuuza polepole juu ya chujio, wakakwangua kila pembe ya tumbo. Shangazi alikuwa amefanya kazi ya kusifika. Lakini kule nyuma kabisa, karibu na tundu la kutokea, kisu chake kilikuwa kimeacha kipande cha utumbo kisichozidi kifundo cha kidole, kimejificha chini ya mfupa laini. Odur alikikata, akakifungua kwenye sahani ya kioo, akamsogezea Kulthum hadubini.

Mlikuwa na pingili moja.

Chumvi ilikuwa imeikunja pembeni, na ndimu imeipausha. Lakini ilikuwa imekomaa. Kulthum aliitia rangi, akangoja, akaitazama tena, na viungo vikajitokeza kimoja baada ya kingine, vimejipanga kwa namna ambayo hakuwahi kuiona kwa tegu yeyote, hai wala wa vitabuni. Alimwita Odur atazame. Odur akatazama muda mrefu, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Ndiyo yenyewe, madamu. Lazima ni yenyewe."

Nao wakakaa wakiifurahia, watu wazima wawili na kipande cha mnyoo, mpaka furaha ikaanza kupoa yenyewe.

Kwa sababu pingili ilikuwa ya nani? Nyenga mmoja hubeba aina nyingi za tegu kwa pamoja, na pingili hukatika na kwenda zake. Hii ingeweza kuwa ya yule mwenye ndoano za kinyume, na ingeweza kuwa ya jirani yake ambaye naye hana jina. Kichwa kilikuwa kwenye chupa ya miaka tisa, pingili kwenye kioo cha leo, na hakuna kilichoviunganisha isipokuwa hamu ya mtu. Vinasaba vingeamua, lakini wale wawili wa zamani walikuwa wamekaa kwenye fomalini miaka yote, na fomalini huviharibu vinasaba. Wakati ule hakuwa na kitu kingine cha kuwahifadhia.

"Tuandike ni yake," alisema Odur polepole. "Kichwa hii, pingili hii, mwili moja. Nani atakuja hapa kuangalia?"

Usimdhanie Kulthum malaika. Alilifikiria, na kwa muda mzuri. Alijua angeweza kuuchora mchoro huo akamaliza wiki hiyo hiyo, na wakaguzi wangeupokea kwa furaha, na jina lingeingia duniani. Alishika hata kalamu.

"Akiwa si wake," alisema mwishowe, "nitakuwa nimemtunga kiumbe ambaye hayupo. Watu watamtafuta. Na hawa wa kweli ndio watakuwa wamepotea kabisa, maana jina lao litakuwa limekaliwa na mwingine."

"Lakini samaki mwenyewe iko wapi tena, madamu? Hakuna mtu atatafuta."

Kulthum aliirudisha kalamu mahali pake. Odur akafungua kabati na kuanza kuzifunga chupa kwenye magazeti, moja moja, ili kuwapisha watu wa malaria. Vile vipande vya nyama alikuwa ameviweka kando tangu mwanzo, mbali na dawa zao, akavirudisha ndani ya majani ya mgomba. "Hii ni chakula," alisema. "Peleka kwa mzee."

Akampelekea. Ungemshauri afanye nini? Alikaanga vile vipande mchana huo huo katika jiko la Makindye, na harufu ya bizari na kitunguu saumu ikajaa nyumba, ikatoka hadi barazani. Alichambua nyama na kumwekea baba yake kwenye sahani. Mzee Abdulghani alionja, akafumba jicho, akaomba aketishwe vizuri. Alikula kwa mkono wake mzima, taratibu, akakataa kulishwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ramadhani kumwona akiomba kuongezwa. Kulthum alimwongeza, akaenda ukumbini, kwa sababu simu ilikuwa inalia na kwa sababu hakutaka kumtazama akila.

"Mmempokea?" aliuliza shangazi.

"Tumempokea, shangazi. Ahsante sana."

"Amefika salama? Hakuharibika?"

"Salama kabisa." Kisha, labda kwa uchovu, labda kwa sababu hapakuwa tena na cha kulinda, adabu yake ikakatika. "Shangazi, mimi sisomei samaki. Nasomea minyoo iliyo ndani ya samaki. Nilikuwa naitaka minyoo yake."

Huko pwani jogoo aliwika, mtoto akafukuzwa mahali.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Miaka yote hiyo unakula kwangu."

"Ndiyo, shangazi."

Bi Farhana alivuta pumzi. Hakukasirika, na Kulthum angeomba akasirike. "Ungesema, mwanangu. Mimi nimezaa, nimeuguza, nimeosha maiti. Ungesema tu." Kisha akateremsha sauti, kama mtu aliye na jambo la aibu lililomkaa rohoni. "Basi, niliwaona. Nilipompasua walikuwa wamejaa, weupe, wakubwa, bado wanacheza. Swaibu akasema, mama, dada kataka asipasuliwe. Nikamwambia, dada yako ana haya, utampelekea mtu samaki hivi? Nikamwosha mara saba. Nilijua ukiwaona hutamla."

Kulthum aliibana simu sikioni. "Mliwatupa wapi?"

"Niliwatia motoni, na utumbo wote. Nilichelea watoto wasije kuwashika."

"Shangazi, vichwa vyao vilikuwaje? Unakumbuka? Palikuwa na kitu kama ndoano, ndogo ndogo? Zilitazama wapi?"

Alimsikia yule mama mzee akijitahidi kukumbuka, kwa moyo safi, akitamani kumpa chochote.

"Vichwa? Mwanangu, nilikuwa nahangaika asibaki hata mmoja. Sikuwatazama."

Kutoka chumbani, sauti nzito ya mzee iliita, na mdomo bado una chakula. "Ni Farhana huyo? Mwambie samaki ni mtamu."

Kulthum akamwambia.